Sura ya Tano: Bastola ya Mfuko wa Kizibao

Kwa uzito haifiki nusu kilo ya sukari. Ikiwa tupu ina gramu 367, na urefu wake ni sentimita 11 na nusu hivi. Ukiilaza kiganjani na kufunga vidole, aliyekaa mbele yako hajui umeshika nini.

Mara ya kwanza niliishika mjini Liège, Ubelgiji, jioni ya mvua, mezani kwa mzee aliyekusanya bastola za mfukoni tangu ujana wake. Kabla ya kunipa, alinipa glavu za pamba. Jasho la mtu lina chumvi, na alama ya kidole ikiachwa juu ya chuma huanzisha kutu kimyakimya. Kisha akachomoa magazini, akavuta nyuma kipande cha juu, akanionyesha kwamba hamna risasi ndani, akanitaka na mimi nichungulie nihakikishe. Hufanya hivyo kila mara, hata kwa bastola aliyoikagua dakika tano zilizopita. Ndipo akaniwekea mkononi.

Mimi nikautazama mdomo wa mtutu. Akaigeuza.

“Mdomo kila mtu anautazama,” akasema. “Wewe soma hapa.”

Kwenye chuma palikuwa na alama ndogo kuliko punje ya mtama: umbo la yai, ndani yake herufi ELG, juu yake taji. Nilihitaji kioo cha kukuzia ili niione vizuri. Liège imekuwa na utaratibu wa kupima silaha kwa sheria tangu 1672. Kila mtutu ulifyatuliwa kwanza kwa baruti iliyozidi kipimo cha kawaida. Usiopasuka ukapigwa muhuri, uliopasuka ukarudi kuwa chuma chakavu. Taji liliongezwa juu ya herufi zile mwaka 1893. Kwa hiyo alama ile peke yake inakuambia mji, inakuambia kwamba mtutu umepita majaribio, na inakuambia usiutafutie mwaka wa nyuma zaidi ya huo. Tangu jioni ile sijaweza kuzitazama bastola hizi kama silaha tu. Ni maandishi, na mkusanyaji ni mtu aliyejifunza kuyasoma.

Maandishi yenyewe yanaanza na safari ya kutafuta baiskeli.

Mwaka 1897 kiwanda cha Fabrique Nationale, ambacho wote hukiita FN, kilikuwa na mashine nyingi na kazi chache. Kilijengwa Herstal, jirani na Liège, mwaka 1889, ili kutengeneza bunduki 150,000 za Mauser kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji. Oda ile ilipokwisha, wakubwa wa kiwanda wakamtuma mtu wao wa biashara, Mmarekani Hart O. Berg, avuke bahari akaone Wamarekani wanavyotengeneza baiskeli. Alipofika Hartford, Connecticut, akakutana na John Moses Browning, mtoto wa fundi bunduki wa Ogden, Utah. Browning alikuwa na bastola ya aina mpya. Berg akarudi Ubelgiji na bastola, na Julai mwaka huohuo mkataba ukatiwa saini.

Baiskeli na silaha zilikuwa ndugu wa tumbo moja enzi zile. Zote mbili zilitaka mabomba ya chuma kizuri, springi, skrubu ndogo na mikono iliyozoea kupima kwa sehemu za milimita. FN ilikuja kutengeneza baiskeli na pikipiki. Orbea na BH, majina makubwa ya baiskeli za Hispania hadi leo, yalianza kama karakana za bunduki. Na mzee yeyote wa kwetu aliyepanda baiskeli ya BSA ya Birmingham amekaa juu ya nembo ya bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja, maana herufi zile ni za kampuni ya silaha. Hata wateja walikuwa walewale. Huko Ufaransa iliuzwa bastola ndogo ya kuzunguka iliyoitwa Velo-Dog, iliyokusudiwa kumsaidia mwendesha baiskeli anayefukuzwa na mbwa.

Bastola ya Browning ilitoka na jina la mwaka 1900. Ilikuwa ya kwanza kuuzwa ikiwa na kile kipande cha juu kinachoteleza, ambacho leo kila mtoto anayetazama filamu anakijua. Ndani ya miaka kama kumi na moja FN ilikwisha kutengeneza zaidi ya 700,000. Wafaransa wakaacha kusema “bastola” wakawa wanasema “browning” kwa herufi ndogo, na Warusi vilevile.

Siri yake ni sahili mno, na ndiyo inayonivutia kuliko yote. Risasi inapolipuka, moshi wenye nguvu unasukuma pande zote: mbele unasukuma kichwa cha risasi, nyuma unasukuma ganda. Browning aliiacha nguvu ya nyuma ifanye kazi. Ganda linakisukuma kipande cha juu, nacho, kwa uzito wake na kwa ukaidi wa springi, kinachelewa kuondoka mpaka kichwa cha risasi kiwe kimekwishatoka mtutuni. Kikifika nyuma, ganda linaruka nje. Springi inakirudisha, na njiani kinasomba risasi nyingine kutoka kwenye magazini. Hamna komeo, hamna wenzo wa kufunga mtutu. Ndiyo maana risasi zake ni ndogo, milimita 7.65 na baadaye 6.35: risasi kali ingetaka kipande cha juu kizito, na kizito hakikai mfukoni. Browning alibuni risasi na bastola kwa pamoja, kila kimoja kikimpimia mwenzake.

Ile niliyoishika Liège ni ya milimita 6.35, iliyoingia sokoni 1906. Ilikusudiwa mfuko wa kizibao, ule ambao wanaume wa mjini waliwekea saa ya mnyororo. Zaidi ya milioni moja zilitengenezwa kabla haijasimamishwa katika miaka ya 1950. Kitu kilichotengenezwa mara milioni kitakuwaje adimu? Hapo ndipo kusoma kunapoanza kulipa. Zile za mwanzo, takriban 100,000, hazina kile kidude cha usalama kinachosukumwa kwa kidole gumba. Zina usalama wa nyuma ya mpini tu, unaoachia pale mkono unapokaza. Zilizofuata zinavyo vyote. Tofauti hiyo unaiona kwa jicho tupu, na mtu akikuuzia bastola yenye namba ndogo lakini ina kidude hicho, kuna swali la kumuuliza kabla ya kutoa pesa.

Kampuni ya Colt, iliyouza kazi za Browning upande wa Marekani, inatoa somo la aina nyingine. Ile bastola yake ya 1903 iliitwa ya mfukoni isiyo na nyundo. Nyundo inayo. Imefichwa chini ya kipande cha juu ili isinase kwenye kitambaa wakati wa kuitoa. Jina lilikuwa la kumvutia mnunuzi, na limedumu zaidi ya miaka mia. Bastola hiyo ilipita mikononi mwa watu ambao hawangekaa meza moja: majenerali wa jeshi la Marekani walipewa kama silaha ya cheo chao, na mnyang’anyi John Dillinger alikuwa na moja ya jamii hiyo alipouawa nje ya jumba la sinema mjini Chicago, 22 Julai 1934. Mwenye Colt anaweza kuiandikia kampuni, nayo itapekua madaftari yake ya zamani na kumjibu kwa barua: namba fulani ilisafirishwa siku fulani kwenda duka fulani. Nimeona watu wazima wakiifungua barua hiyo mikono ikitetemeka. Mara nyingi jibu ni duka la vifaa vya chuma katika mji mdogo ambao hawajawahi kuusikia, na wanafurahi vilevile.

Nikiri kwamba moyo wangu uko kwa Savage ya 1907, ya Utica, New York. Sura yake si nzuri. Lakini wakati wenzake wanabeba risasi saba au nane, yenyewe ilipanga kumi kwenye magazini kwa safu mbili zilizopishana, jambo ambalo bastola nyingi za mfukoni zilikuja kulifanya miongo mingi baadaye.

Sasa niseme juu ya kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii, maana nimelishuhudia na bado linaniuma. Mtu anarithi bastola ya babu yake. Rangi imefifia pembeni, palipogusana na mfuko chuma kimebaki cheupe, mpini wa ebonaiti uliokuwa mweusi umegeuka rangi ya chokoleti kwa mwanga wa miaka. Anaona aibu. Anampelekea fundi aing’arishe. Fundi anaipitisha kwenye gurudumu la kusugulia, kisha anaipaka upya ile rangi ya nyeusi-buluu. Inarudi inang’aa kama kisu cha harusi, na imekwisha. Pembe zilizokuwa kali zimekuwa butu. Herufi za kiwanda zimejaa ukungu kama sarafu iliyolika. Matundu ya skrubu, yaliyokuwa na kingo safi, yamebonyea kama visahani. Muhuri wa majaribio haupo. Mnada utaitaja bei ya chini sana kuliko ya ile iliyochakaa kwa haki yake, na mnada uko sahihi.

Kwa sababu uchakavu nao ni maandishi. Weupe kwenye mdomo wa mtutu na upande mmoja tu wa mwili unasema ilikaa miaka mingi ndani ya ala ya ngozi, ikitolewa na kurudishwa. Vishimo vidogo kama vya ndui chini ya mpini vinasema iliachwa ndani ya ala hiyo mahali penye unyevu. Dawa za kutengenezea ngozi hula chuma polepole. Mtutu uliolika ndani wakati nje ni kuzuri unasema ilifyatuliwa kisha ikawekwa bila kusafishwa, maana fataki za risasi za zamani ziliacha chumvi, na chumvi inavuta maji. Huyo alikuwa mtu wa haraka, au mwenye hofu, au hakutaka tena kuigusa.

Hata bandia zina la kusema. Nchini China, katika miaka ya vurugu iliyofuata 1911, mafundi wa mitaani waliiga Browning ya 1900 kwa tupa na nyundo. Waliziiga pia herufi, ingawa hawakuzijua. Unakuta N imegeuka kinyume, unakuta maneno ya Kifaransa yaliyochanganyika mpaka hayatamkiki. Wapo wakusanyaji wasiotaka kitu kingine ila hizo, na nawaelewa kabisa. Hakuna iliyo sawa na mwenzake, na katika kila moja unamwona mtu mmoja, amekaa chini, anachonga alama asiyoijua maana kwa sababu anajua mnunuzi ataitafuta.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa atauliza: kwa nini kwetu hazionekani? Kwenye nyumba za kale za pwani utasikia habari za magobori na majambia, si za bastola za kizibao. Sababu moja imeandikwa kwenye karatasi. Mwaka 1890, mwaka mmoja tu baada ya FN kuzaliwa, mataifa makubwa yalimaliza mkutano mjini Brussels na kutia saini mkataba wa kupinga biashara ya utumwa. Ndani yake waliweka marufuku ya kuingiza bunduki za kisasa katika Afrika yote iliyoko kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta. Zanzibar ilikuwa miongoni mwa waliotia saini. Kwa hoja ya kuzuia watumwa wasikamatwe, Mwafrika akaachiwa gobori, na ofisa wa kikoloni akaja na Browning mfukoni. Nikisimama Liège nikizitazama bastola hizi kwenye vioo vya makumbusho ya Grand Curtius, ninalikumbuka hilo.

Leo sheria za nchi zetu zinaihesabu bastola hii kuwa silaha kama nyingine yoyote, yenye kuhitaji leseni, na sioni ubaya. Risasi zake bado zinatengenezwa. Ni kongwe lakini inaua. Wenzetu wa kwingine wamechora mistari tofauti. Marekani inaita ya kale ile tu iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla, kwa hiyo karibu bastola zote za sura hii zimekosa jina hilo kwa miaka michache; kuna leseni maalumu ya mkusanyaji wa silaha zilizopita miaka 50. Uingereza ilizipiga marufuku bastola karibu zote mwaka 1997, baada ya watoto 16 na mwalimu wao kuuawa shuleni Dunblane. Ubelgiji ilipitisha sheria kali tarehe 8 Juni 2006, wiki nne baada ya kijana mmoja mjini Antwerp kununua bunduki ya kuwindia na siku hiyohiyo kumuua mtoto wa miaka miwili na mlezi wake, mwanamke wa Mali aliyekuwa mjamzito. Mzee wangu wa Liège alilazimika kujieleza upya kwa kila kipande alichonacho. Alinisimulia hayo bila kinyongo. Alisema mtu asiyeweza kueleza kwa nini anayo bastola, bora asiwe nayo.

Mwenyewe hana hata moja iliyotumika kwenye mauaji yanayojulikana, na hataki. Nilimuuliza kwa sababu soko la vitu vya aina hiyo lipo, na lina uongo mwingi. Browning ya 1900 ndiyo iliyomuua gavana wa Urusi nchini Finland, Nikolai Bobrikov, mwaka 1904, na Itō Hirobumi wa Japani pale Harbin mwaka 1909. Halafu kuna ile ya Sarajevo.

Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba Gavrilo Princip alimpiga mrithi wa kiti cha Austria, Franz Ferdinand, na mkewe Sophie kwa Browning ya 1900. Si kweli. Princip na vijana wenzake walipewa mabomu sita na bastola nne za FN za mtindo wa 1910, nyembamba, ambazo springi yake imeuzunguka mtutu badala ya kukaa juu yake. Namba zake ziliandikwa kwenye kesi. Padri Mjesuti aliyewaombea wale wawili wakikata roho, Anton Puntigam, alizitunza akiwa na nia ya kufungua makumbusho ya ukumbusho wao. Hakufanikiwa. Zilibaki kwa Wajesuti mpaka 2004, walipozikabidhi kwa makumbusho ya historia ya kijeshi mjini Vienna. Namba zikalinganishwa na za kesi. Kosa la vitabu lingeweza kusahihishwa miaka yote hiyo na mtu yeyote aliyejua kutofautisha mifano miwili ya kiwanda kimoja.

Vita vilivyoanza na risasi zile vilifika Tanga mwezi wa Novemba 1914. Wapagazi wetu walikufa kwa njaa na homa kwa makumi ya maelfu wakibeba mizigo ya majeshi ya watu wengine, na jina la kikosi chao limebaki midomoni mwetu kila tunapokwenda sokoni Kariakoo. Haja ya kwenda Vienna ili kujua hilo haipo. Lakini nilikwenda, na nikasimama mbele ya kioo kwa muda mrefu.

Vita vilifika Herstal mapema zaidi. Wiki sita tu baada ya Sarajevo, Wajerumani walikuwa wameingia Liège, na FN haikuwa tena kiwanda cha kuwauzia Wafaransa chochote. Ufaransa ikahitaji bastola, nyingi, mara moja. Ikageukia Eibar, mji wa mafundi katika nchi ya Wabaski, Hispania, ambayo haikuingia vitani. Kampuni ya Gabilondo y Urresti ilikuwa na bastola iliyoitwa Ruby, yenye risasi tisa za milimita 7.65, iliyoigwa bila haya kutoka kwa Browning. Mwaka 1915 Wafaransa wakaomba 10,000 kwa mwezi, kisha wakaongeza, kisha wakaongeza tena. Gabilondo akagawa kazi kwa majirani, majirani wakagawa kwa majirani zao, mpaka mji mzima ukawa unatengeneza Ruby. Karakana kwa karakana vipimo vikapishana kidogo, na magazini ya fundi huyu ikakataa kuingia kwenye bastola ya fundi yule. Kwa askari aliye kwenye handaki huo ni msiba. Wafaransa wakaamuru kila fundi apige herufi zake ubavuni mwa bastola na kwenye kitako cha magazini, ili zilingane.

Wakusanyaji wengi wanaidharau Ruby, na bei yake ni ndogo. Mzee wangu anayo moja, kwenye droo ya chini, na aliitoa mwisho wa jioni ile. Ubavuni imeandikwa GU, ya Gabilondo mwenyewe. Akachomoa magazini, akaigeuza: BH, ya ndugu wa Beistegui. Hazilingani. Kisha akanisogezea taa. Kwenye ukingo wa magazini palikuwa na mikwaruzo myembamba, ya kulala upande mmoja, ya tupa. Mtu fulani alikuwa na bastola isiyo na magazini, akapata magazini isiyo yake, akakaa chini akaichonga mpaka ikaingia.

Nilimuuliza kama ameshapata magazini ya GU. Alikuwa nayo, safi, ndani ya bahasha kwenye droo hiyohiyo, kwa miaka kumi na tisa. Akairudisha ile ya BH mahali pake, ikaingia kwa kukwama kidogo kama ilivyozoea, akaifunika kwa kitambaa.